Nusu Yako, Nusu Yangu

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za mama yako. Miguu imepunguza kuwaka moto. Wajukuu wangu wazima? Yule mdogo ameota jino?

Naandika kwa sababu simu ina masikio. Huu utafiti wa dawa mpya ya kisukari ulionisukumia, naona una mchezo. Daktari alisema wengine watapata dawa, wengine vidonge vitupu, na hakuna atakayejua nani kapata nini. Sasa mimi na jirani yangu Mama Vifungo, yule mshonaji, tuliingia pamoja. Kila tukipimwa, sukari yake imeporomoka, yangu inajivuta. Nesi anamsifu yeye, mimi ananiuliza nimekula nini. Damu zetu zinaletwa maabara, huko kazini kwako. Hebu nichungulizie. Namba yangu ya utafiti nimeiandika nyuma ya barua.

Mama yako

17 Machi

Mama, shikamoo.

Sisi hatujambo. Jino limetoka, ameanza kuniuma nikimnyonyesha.

Namba nimeichana. Mashine inanionyesha sukari tu, hainiambii nani kapewa nini. Hata daktari wako hajui, labda itokee dharura. Na ningejua, nisingekuambia. Tafadhali meza vidonge vyako, uache vya mwenzio.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Mimi mzima. "Nisingekuambia": neno hilo limenikaa kooni. Mtu husema hivyo akiwa na la kuficha.

Basi usihangaike. Mama Vifungo anakuja jikoni kwangu kila asubuhi. Tunakata vidonge kwa kisu, nusu yako, nusu yangu, tunabadilishana. Mwenye cha kweli ni yeye, hilo halina ubishi. Alisitasita, nikamwambia asiwe mchoyo.

Mama yako

11 Aprili

Mama, shikamoo. Leo sina maneno mengi.

Acheni leo hii. Dawa ile inaweza kushusha sukari ya mtu mpaka akazimia. Mwende wote wawili mkamwambie daktari. Nimepiga simu, haipatikani. Najua unaizima makusudi.

Mwanao

30 Aprili

Mama,

Mbona kimya? Namba yako niliichana, lakini kichwani haikutoka. Kila damu zikiletwa naitafuta. Safari hii haikuja. Niambie tu kama uko hai, mengine tutagombana baadaye.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Niko hai, na afya si mbaya. Barua yako ya tarehe 11 ilinikuta nimekasirika, nikaiweka bila kuifungua. Hiyo iliyofuata ilifika nikiwa hospitali, namuuguza mwenzangu.

Mama Vifungo aliangukia cherehani. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake. Majirani walimbeba. Daktari aliponiuliza amemeza nini, nilimwambia yote. Akaweka kalamu chini, akapiga simu ili siri ya vidonge vyake ifunuliwe. Vilikuwa vitupu. Cha kweli kilikuwa changu.

Alipozinduka akasema mwenyewe: kila siku za kupimwa zikikaribia alikuwa anajinyima chakula, ili nesi amsifu. Asubuhi ile alikuwa na njaa, nusu yangu ikamkuta tumbo tupu.

Tumetolewa wote kwenye utafiti, tunatumia dawa za kawaida. Daktari hakunigombeza. Angenigombeza, ningepata nafuu.

Mwenzangu amerudi nyumbani. Nilikwenda kumwomba radhi, nikamwapia kwamba sikujua vyangu ndivyo vya kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Utakosaje kujua, na mwanao yuko maabara?"

Ningemlaumu vipi, mwanangu? Maana hata mimi nilikuwa nakudhania hivyohivyo.

Jana nilimpelekea chai isiyo na sukari. Akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaiweka dirishani. Tulizungumza habari za mvua, za wateja wake, za bei ya uzi. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Hakuigusa.

Mama yako