Kuhusu Mkwe Wangu na Neno Utii

Nyumbani,
Jumatatu, 9 Juni

Mpendwa kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na ile homa imekuachia. Huku tu wazima. Shemeji yako bado anaranda mbao zake nyuma ya nyumba na kugombana na mgongo.

Najua mpwa wako alikupigia simu kulalamika kwamba nimemficha mkewe. Ni kweli, yuko kwangu. Ila hakukwambia sababu. Mkewe alikwenda mazoezi ya kwaya bila kumwomba ruhusa. Aliporudi, mwanangu akamzuia asiingie, akaubamiza mlango mkono wa mwenzake ukiwa bado kwenye fremu. Vidole viwili vilivunjika. Kaka, yule ni fundi cherehani.

Mwezi uliopita mwanangu alikuja kumchukua, akiwa na mchungaji. Mchungaji akasema mke wa Kikristo hutii na kuvumilia. Mkwe wangu akajibu taratibu, "Kutii sikatai, mchungaji. Kuogopa ndiko kumenichosha."

Nikamgeukia mwanangu. "Na mume ameagizwa nini?"

"Ampende mkewe."

"Kama nani?"

Jibu analijua, maana nilimfundisha mwenyewe: kama Kristo, aliyeinama akawaosha miguu waliomwita Bwana. Utii hutolewa kwa hiari, kaka. Ukiunyang'anya, ulichoshika mkononi ni hofu tu.

Shemeji yako, ambaye unajua maneno kwake hutoka kama yanalipiwa ushuru, akasema, "Mimi na mama yako tumesikilizana miaka yote. Hukuniona nikimwinulia mkono. Wewe haya umeyatoa wapi?"

Mwanangu akalia. Mchungaji naye, nampa haki yake, alimwomba mkwe wangu radhi mbele yetu sote.

Siku hizi mwanangu akitoka kazini anapitia hapa. Mkewe anachora, yeye anakata kitambaa, kwa kuwa vile vidole bado havijashika mkasi sawasawa. Akipinda mstari anaambiwa arudie. Anarudia.

Kwa hiyo, kaka, usiniambie tena nimrudishe. Ulisema naaibisha ukoo, acha niuaibishe. Simrudishi mtu. Akienda, atakwenda kwa miguu yake, siku atakayoichagua yeye.

Msalimie sana wifi, na mama mdogo umwambie miwani yake ilifika. Mungu aitulize nyumba yako kama anavyoitengeneza yetu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikasirikia.