Mchawi wa Kizungu na ungo wake

Alhamisi, baada ya kula

Bado namcheka rafiki yangu Gaudence, ingawa kusema kweli tangu Jumapili nilikuwa nimeingiwa na hofu kwamba nimempoteza.

Siku hiyo, tulipotoka misa, nilimsomea kile kitabu changu kikuukuu, hadithi ya Mzungu aliyeunda chombo cha kuruka, iliyotungwa kabla watu hawajaona ndege. Nikafika pale chombo kinapopaa, cha duara, kimesukwa kwa fito. Gaudence akaweka kikombe chini.

"Cha duara? Cha kusukwa? Bwana, huo ni ungo!"

"Ni mashine."

"Huyo ni mchawi! Nimetoka kupokea komunyo sasa hivi, wewe unanisomea habari za wachawi?"

Mdomo wangu hauna breki. Nikamjibu afadhali huyo, wachawi wa kwetu hawabebi abiria. Akaondoka, siku tatu nzima hakuonekana. Mke wangu alifurahi kwamba sukari imepona, lakini mimi chai ya peke yangu haishuki. Msikilizaji mwingine nitampata wapi mtaani hapa Mfaranyaki, kwa umri huu?

Leo asubuhi nasikia hodi. Gaudence! Eti ametumwa na mkewe kuazima ungo wa kupepetea maharage. Nikamwuliza atarudi nao kwa miguu au atapita juu. Hakucheka. Alikaa, akavuta kikombe, akachungulia mlangoni kwanza.

"Yule mchawi wako," akaninong'oneza, "alitua salama?"

Nikamwambia sijui. Nilifunga kitabu nikamwacha hukohuko angani, sote wawili tunamsubiri Gaudence.