Roshani Iliyokuwa Yetu

Jumatatu, 7 Julai
Kipande cha roshani kimeanguka asubuhi. Kimetua uchochoroni, pale pale muuza bisi za mchele anapotua kapu lake. Leo mvua ilimchelewesha — Mungu ana watu wake. Nilitoka kuangalia, nikaona nondo ziko nje, nyekundu kwa kutu. Shefali, mwenye nyumba, akaniita kutoka chini: nirudi ndani, nina wazimu? Mlango wa roshani nimeufunga.

Alhamisi, 10 Julai
Chumba kimekuwa giza kama ghala. Sikujua mwanga wote ulipitia pale. Pale marehemu mume wangu alikunywa chai na kusoma gazeti kwa sauti, ili nisikie jikoni. Hata matangazo ya vifo. Pale binti yetu Mitu alijifunza kusimama, kashika vyuma vya ukingo. Amepiga simu kutoka Delhi: Mama, hama. Nihamie wapi? Kolkata hii nyumba ya kodi ndogo kama yangu haipo tena.

Jumamosi, 12 Julai
Fundi Rafikul amekuja na Shefali. Kagonga dari kwa mpini wa nyundo, akasikiliza kama daktari.
"Mama, hapa si pa kuziba nyufa. Roshani yote ikatwe, boriti zibadilishwe. Na huwezi kulala humu kazi ikiendelea."
Nikauliza nitarudi lini. Akamtazama Shefali. Shefali akatazama dari.
Hapo ndipo nilipoogopa. Akina Ghoshal wa nyumba ya pili walitolewa "kwa matengenezo" tu. Leo pale pana ghorofa jipya, na mlinzi asiyewajua. Nimesema sitoki.

Jumanne, 15 Julai
Shefali amepanda ngazi na magoti yake yale mabovu. Kakaa kitandani kwangu akihema. Hakuficha kitu: mwanawe Anirban kamwambia kwenye simu anitoe, nikishatoka kufuli libadilishwe, mnunuzi yupo.
"Na wewe unasemaje?"
"Mimi nasema utaniua kwa wasiwasi, shoga. Boriti ikilia tu, nadhani unashuka kunisalimia na kitanda chako."
Tukacheka mpaka akapaliwa.
Tuliingia maharusi katika nyumba hii mwaka mmoja — yeye mkwe wa wenye nyumba, mimi mkwe wa wapangaji. Mama mkwe wake alimkataza kuzoeana na watu wa juu. Basi nikawa namteremshia achari ya ndimu kwa kikapu na kamba kutoka roshani, mchana mama mkwe huyo akisinzia. Kikapu kilirudi na kashata za nazi. Mara moja kilirudi na barua ya machozi. Hatujawahi kuizungumzia.
Alipoinuka alisema, "Njoo ulale kwangu mpaka kazi iishe. Ufunguo wako kaa nao."

Jumapili, 20 Julai
Niko chini kwa Shefali. Mafundi wanakata, vumbi linaingia mpaka kwenye dengu. Roshani imekwisha. Nilitoka uchochoroni kuangalia — mlango wetu wa kijani unatazama hewa tupu. Niliporudi Shefali aliniona macho, akanisogezea vitunguu nimenye. "Lia kwa faida."
Saa ya chakula, teksi nje. Anirban, na mtu mwenye futi ya kupimia. Nikainuka na sahani yangu nikajifiche jikoni. Shefali akanishika mkono: "Kaa ule. Huyu nimemzaa mimi."
Sasa Shefali na wageni wako chumba cha mbele. Naandika hapa mezani, wali umepoa. Anirban anasema taratibu, kwa adabu: Mama, yule ni mpangaji tu. Juu nyundo zimenyamaza — mafundi nao wanasikiliza. Kisha Shefali, sauti ya kuita ng'ambo ya barabara:
"Rafikul! Mbona mmesimama? Boriti zinawangoja."
Nyundo moja imeanza. Ya pili imefuata. Anirban bado yumo chumbani. Kiti chake sijakisikia kikisogea.