Tembe la Soweto

Kalenga, Iringa
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu mpendwa Joachim,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Madibira, wewe, wifi Violet na watoto, na kwamba mpunga umekubali mwaka huu. Sisi huku tupo, tunapumua. Baba anakula vizuri, ila usahaulifu wake uko palepale. Asubuhi ananiita Rozalia, mchana ananiita kwa jina la mama yake, nami naitika yote.

Najua umepiga simu sana na sijapokea. Sijakukasirikia. Jambo lenyewe nisingeweza kulisema kwa mdomo, ndiyo maana nimeandika, na dereva wa lori la mpunga amekubali kukuletea.

Tulikwenda Mbeya kwa ajili ya lile kanisa la mtaa wa Soweto, kama ulivyonisihi. Wazee wa kigango walikuwa wamegawanyika, hawa wanataka libomolewe, wale libaki, mpaka wakakubaliana kwamba neno la mwisho alitoe aliyelichora. Ulitaka Baba akaliokoe, kwa kuwa ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Maskini Baba. Alirudi na digrii yake ya usanifu, wenzake wakachora maghorofa, yeye akachora tembe: shule za tembe, zahanati za tembe, paa bapa, kuta nene, ua katikati. Watu wa hapa walimcheka, eti kasoma mpaka kwa Wazungu aje kutujengea nyumba ya bibi. Hakujali. Hata Mbeya aliwapelekea tembe lake la Kihehe.

Mzee Anyelwisye, mwenyekiti wa kigango, alitupokea kwa heshima zote. Mvua ilikuwa inanyesha, na mvua ya Mbeya unaijua. Ndani akina mama walikuwa wamepanga ndoo kati ya mabenchi, wala hawazitazami, wameshazoea. Baba alizunguka taratibu akipapasa kuta. Aliangalia dari, akaangalia vile vidirisha, halafu akauliza mlima uko upande gani. Mzee Anyelwisye akamwonyesha ukuta mtupu.

Basi Baba akaanza kusema, kwa sauti yake ya kazini ambayo sikuwa nimeisikia tangu Mama afariki. Alisema paa bapa ni la Iringa, kwenye mvua haba na upepo mwingi, lakini hapa maji yanataka paa la mteremko, na watu wanataka kuuona mlima wao. Akasema aliyejenga hili hakuwauliza wenyeji, na kwamba libomolewe kabla halijaua mtu. Wazee wakapiga makofi. Wengine walitokwa machozi, wakasema hawajapata kumwona mtu anayeihukumu kazi yake mwenyewe namna hiyo.

Kaka, Baba hakujua kwamba ni lake. Wakati wanapiga makofi aliniinamia akaniuliza ni nani huyo aliyelichora, na kama bado yu hai.

Sikuwaambia. Ningesema neno moja tu, wangesita. Nilinyamaza kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli, na kwa sababu alikuwa ameturudia, akili yake yote, mbele za watu. Sikulia wala sikufurahi. Hata sasa moyo umekufa ganzi. Napika, nafua, nalala.

Walimwomba awachoree kanisa jipya. Tangu turudi alikuwa mezani anachora, na mkono hautetemeki. Wiki iliyopita alimaliza, akaniita nikaone. Ni lilelile, Joachim. Ukuta kwa ukuta, paa bapa, vidirisha vilevile, na mlima umezibwa.

Kule wanaanza kubomoa baada ya Pasaka. Mchoro sijaupeleka. Kila asubuhi Baba ananiuliza kama watu wa Mbeya wameupokea, nami namjibu kwamba wameupenda sana.

Msalimie wifi, uwabusu watoto. Mungu akitujalia uzima, njoo mapema, maana peke yangu siwezi.

Ni mimi dada yako,
Rozalia