Kitanzi Nilichokizidisha Mara Tatu

Mukami, mama yangu,

Nakuita hivyo kama nilivyokuita tangu ulipozaliwa, maana jina ulilobeba ni la mama yangu mzazi. Hapa Manyatta hakuna anayeshangaa mzee akimwita binti yake mama. Ninayeona haya kulitamka ni mimi, kwa ajili ya yale niliyokutendea mbele ya watu.

Unakumbuka mlango wa bati wa karakana yetu? Ndio uliokuwa ubao wetu. Ulipokuja likizo kutoka chuo kikuu cha Nchiru, mwaka wako wa tatu wa uhandisi, tulichora juu yake kwa chaki mchoro wa ile injini tuliyokuwa tukiiunda, injini ya rota, lile pande la chuma la pembetatu linalozunguka ndani na kuzungusha shafti. Shinikizo la gesi lilipanda juu, ujazo wa chumba ukaenda kulia, na mstari ukazunguka hadi ulipoanzia: hewa inaingia, inabanwa, inawaka, inasukuma, inatoka. Ulipaka chaki ndani ya kitanzi kile kwa kiganja chako ukasema, "Baba, hii nafasi yote ni kazi inayofanywa na injini. Si ni maajabu?" Nilicheka. Nilikuwa nimefundisha jambo hilo nusu ya maisha yangu, lakini siku hiyo ndipo nililiona kuwa maajabu.

Kisha nikakosea. Rota ina pande tatu, na kila upande unachora kitanzi chake. Nikalichukua eneo la kitanzi kimoja, nikazidisha kwa tatu, nikasema hiyo ndiyo kazi tutakayopata kila shafti ikizunguka mara moja.

"Hapana, baba," ulisema. "Rota ikizunguka mara moja, shafti imeshazunguka mara tatu. Kila mzunguko wa shafti una kitanzi kimoja tu."

"Mama, elimu yako bado ina maziwa mdomoni. Yangu ina mvi."

Ulicheka, lakini hukufuta hesabu yako uliyoiandika pembeni. Wewe ukatengeneza sili, vile vizibo vya kuzuia gesi isivuje kwenye ncha za rota; mimi nikaenda kutafuta mashine ya kumenya kahawa inayolingana na nguvu nilizozihesabu mimi, kubwa kuliko injini yetu ingeweza kuibeba.

Majirani walikuja na magunia yao ya kahawa mbivu. Injini ililia vizuri ikiwa tupu. Tulipofunga mkanda na kahawa ikaingia, ikakohoa, ikazima. Tukawasha tena, ikazima tena. Njeru, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, akapaza sauti: "Mwalimu, hii ni injini ama ni redio? Kelele tu!" Watu wakaangua kicheko.

Ndipo niliposema, "Ni zile sili za Mukami. Zinavujisha. Nilimwambia azikague vizuri."

Sikuwa nimekuambia chochote. Sili zako zilikuwa nzima. Uliniangalia, ukafuta mikono kwa kitambaa, ukanyamaza, kwa sababu tulikulea ujue kwamba mtoto hamkosoi babake mbele ya wageni. Nilijua hutanijibu. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi: heshima tuliyokufundisha, niliigeuza kichaka cha kujifichia.

Asubuhi yake nilisimama mbele ya ule mlango, nikarudia hesabu. Ulikuwa sahihi. Nikachukua gunia lililolowa maji, nikafuta mchoro wote pamoja na maandishi yako. Wewe ulikuwa jikoni ukimsaidia mama yako kuwasha moto. Ningeweza kukuita. Sikukuita.

Muhula uliofuata uliacha uhandisi. Ulimwambia mama yako umechoka na mikono ya mafuta. Leo una duka lako la vitambaa Majengo, nasikia linakwenda vizuri, nami nafurahi, lakini sijawahi kuamini habari ya mafuta. Ukimpigia mama yako simu, huwa naketi karibu. "Baba yuko?" "Yuko." "Haya, msalimie." Mama yako hunigeukia na kuniletea salamu zangu kama mtu anayenipitishia chumvi. Miaka yote hii sijawahi kunyoosha mkono niombe simu.

Daktari ameniambia moyo wangu unasukuma damu kidogo sana sasa. Nilielewa kabla hajamaliza. Moyo nao una kitanzi chake cha kazi, na changu kimekuwa chembamba.

Jumapili iliyopita niliomba nibebewe kiti hadi karakana, nikawaita wale walionicheka wakati ule, wale ambao bado wapo. Nikawaambia sili zako hazikuwa na kosa, hesabu mbovu ilikuwa yangu, nililijua hilo tangu kesho yake, na nilinyamaza. Njeru, ambaye sasa naye anatembelea fimbo, aliiegemea akaniuliza:

"Na Mukami unayemsema, anajua?"

"Bado."

"Sasa mwalimu, unatuambia sisi tukusaidie na nini?"

Hakuna aliyecheka. Nilirudi ndani, nikaanza kuandika haya, na nimeruhusu yasomwe na yeyote, kwa kuwa uliaibishwa mbele ya watu.

Sikuombi urudi kwenye injini. Sikuombi hata unisamehe upesi. Ule mlango bado upo, na nimemwomba mama yako aweke chaki karibu nao. Ukipiga simu tena na kuuliza kama nipo, usiniachie salamu. Simu nitakuwa nimeishika mimi.

Mimi baba yako, mwana wa yule uliyebeba jina lake.