Julai Nne Bila Baba

Mdogo wangu Wendell,

Jana, Julai nne, sikukuu yetu ya uhuru, matrekta yalipita yamepambwa bendera, na pai yangu ya cheri ikashika nafasi ya pili kwenye mashindano ya mapishi. Baba hakuwepo. Tulimzika Mei.

Mwaka jana, wanajeshi wa zamani walipopita kwenye gwaride, Baba alinishika mkono. "Lorene, serikali imeshawasamehe waliokwepa kupelekwa vitani. Mwandikie mwanangu arudi kutoka Kanada."

"Si wewe uliyemfukuza?"

"Ndiyo mimi. Mwambie nimekosa."

Sikuandika. Mume wangu Dale alikwenda vitani asirudi, nami sikutaka wewe urudi. Kila wiki Baba aliuliza, "Kajibu?"

"Bado, Baba."

Alikufa akiamini umemkatalia. Kosa ni langu, Wendell.

Dada yako,
Lorene