Maneno Ambayo Yule Mama Hakuyasema

Jumatano, tarehe 13 Mei. Nimetoka shule. Mvua imekatika lakini mawingu bado yamekaa juu ya ziwa, na upepo unapigapiga bati la jirani tangu asubuhi. Nimekaa, nimesimama, nimefagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Situlii.

Leo nitasema yote, hata yale yanayonionyesha mjinga. Keshokutwa nitasimama mbele ya shule nzima, na kama siwezi kuwa mkweli hapa kwenye blogu yangu, ambapo wasomaji hawazidi kumi, kule sitaweza.

Ijumaa ni Siku ya Lugha shuleni kwetu. Kila darasa linatoa mwanafunzi mmoja asome tahakiki ya kazi ya sanaa anayoipenda, mbele ya wazazi na wageni, na darasa lake linapewa alama. Kidato cha tatu wamenichagua mimi. Mama, ambaye anauza dagaa sokoni Mirongo na hajawahi kufunga meza yake kwa sababu ya shule, amesema siku hiyo atafunga.

Niliandika kuhusu filamu ya Kihindi. Jina lake sikulijua. Kwenye flashi yetu imeandikwa tu "Kihindi 14", kwa hiyo kwenye insha niliandika Kihindi Kumi na Nne na kupigia mstari, kama tulivyofundishwa kupigia mstari majina ya kazi za sanaa.

Filamu zetu zote tunawekewa na Anko Masalu, mwenye kibanda cha muvi karibu na stendi ya Buzuruga. Na zote zimetafsiriwa na Dijei Furu, ambaye sauti yake inafunika sauti za waigizaji wote, wanawake kwa wanaume, vikongwe kwa watoto wachanga. Mbwa akibweka, Furu anatuambia amesema nini. Nimekua na sauti hiyo. Ukiniuliza malkia wa Uchina anaongeaje, nitakujibu kwamba anaongea kama mwanaume wa Mabatini mwenye mafua kidogo.

Katika Kihindi Kumi na Nne, msichana wa kijiji cha mashamba ya mpunga anakwenda mjini kusomea uuguzi. Mama yake, aliyemlea peke yake, anamsindikiza stesheni. Msichana yuko dirishani, mama yuko chini. Kwenye flashi yetu mama anasema: "Panda, mwanangu. Usiangalie nyuma. Mimi najua jioni nitasahau, nitakupakulia ugali, halafu nitakaa nauangalia."

Nimeiangalia filamu ile mara tisa na mara zote tisa nimelia hapo. Insha yangu ni kurasa nne, na tatu kati ya hizo ni za sentensi hiyo. Niliandika kwamba mtunzi hakutaja upendo wala huzuni, bali sahani, na kwamba hiyo ndiyo tofauti ya msanii na mtu anayelalamika. Mwalimu Regina, anayetufundisha Kiswahili, aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Umeona mbali.

Jumapili ndipo Koku aliponiharibia.

Koku ni rafiki yangu na mpinzani wangu. Insha yake ilikuwa ya pili. Baba yake ni daktari, wametokea Bukoba, na kwao filamu zinaangaliwa kwenye kompyuta kwa lugha zake za asili, maneno ya Kiingereza yakipita chini. Tulipotoka kanisani alinishika mkono. Akaniuliza tahakiki yangu ni ya filamu gani hasa, maana ile aliyoiona yeye inafanana na yangu kila kitu, ila pale stesheni yule mama hasemi neno.

Nilimwambia ameangalia vibaya. Tukaenda kwao tukaangalia.

Hasemi neno. Anamwekea binti yake ukosi sawa. Kengele inalia. Anashika ncha ya mtandio wake, anaikunja, anaikunjua. Treni inaondoka na mlio wake unaisha, halafu hakuna sauti yoyote, hata muziki. Nilijikuta nahesabu pumzi zangu. Zilifika kumi na moja ndipo picha ikabadilika.

Nilisubiri Koku acheke. Ningependelea angecheka.

"Minza, umeisifia sentensi ambayo haipo," alisema. "Kurasa tatu." Akafikiri kidogo. "Ila umeisifia vizuri, hapo sikunyimi haki yako."

Sasa sehemu ngumu ya kukiri. Ile ya kimya ni bora.

Sikulia nilipoiangalia. Lakini tangu Jumapili yule mama ananifuata. Nafua soksi, naona ncha ya mtandio ikikunjwa. Ile sentensi ya kwetu inanishika mkono na kunipeleka mahali pa kulia, nami nalia, halafu naenda kulala vizuri. Kile kimya hakinipeleki popote. Kinaniacha pale pale stesheni nijue mwenyewe la kufanya. Na mimi niliyejiona mhakiki ningepaswa kulijua hilo, maana juzijuzi tu nilikuwa nikisema darasani kwamba sipendi riwaya ambazo mwandishi ananikalia kooni kunieleza kila anachohisi mhusika.

Kinachonikosesha utulivu zaidi ni hiki: kama nilikosea kwa hii, nimekosea kwa ngapi? Jana nilichukua daftari ninamoandika vitu nivipendavyo. Kuna wimbo wa Kikongo ambao nimeuita wimbo bora wa mapenzi, na sijui Kilingala hata neno moja. Huenda jamaa anaimba habari za shamba lake. Binamu yangu Neema anacheza mpira wa kwenye simu ambao mtangazaji wake anaongea Kihispania, naye anamjibu kabisa, anamwambia umeona ile pasi. Nilikuwa namcheka.

Jumatatu nilikwenda kwa Anko Masalu. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye flashi ya mteja. Nikamweleza shida yangu. Alisikiliza kama fundi anayesikiliza redio mbovu, halafu akanionea huruma.

"Binti, kimya hakiuziki," alisema. "Mteja akisikia kimya anajua flashi imekufa. Ananirudishia, ananitukana, anataka nyingine. Furu analijua hilo. Pakiwa kimya lazima aweke kitu."

"Kwa hiyo anatunga?"

"Sasa asitunge? Kihindi chenyewe akijulie wapi? Anaangalia nyuso. Anakaa mara moja, anarekodi, kesho nyingine. Ule uso wa yule mama uliuona? Ulitaka auachie hivihivi?"

Niliondoka nimemkasirikia, kisha nilipofika kwenye kona hasira yote ikahamia kwangu. Yeye hakunidanganya. Anauza filamu. Mimi ndiye niliyeandika "mtunzi".

Jana nilimwambia Mwalimu Regina. Nilidhani atanifuta palepale. Alivua miwani, akakiri kwamba hata yeye hakujiuliza chochote, akaivaa tena. Kisha alinipa njia mbili. Nina insha nyingine, ya riwaya tuliyosoma darasani. Ni safi, haina kosa, naweza kuisoma hiyo. Au niiandike upya hii ya filamu na kueleza kosa langu mbele ya watu wote. Alinionya kwamba wageni wanaweza kucheka, na kwamba darasa zima linategemea alama zangu. Nimpe jibu kesho asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza.

Nilitaka kuchukua ile safi. Naapa nilitaka. Lakini sababu yangu kubwa haikuwa aibu. Sababu yangu ilikuwa Mama.

Dada yangu Kabula alipokwenda chuo cha ualimu Tarime, mwaka juzi, Mama alimsindikiza stendi. Mama si mtu wa maneno. Nilikuwepo. Basi lilipowashwa alisimama chini ya dirisha akamwambia Kabula asiangalie nyuma, kwamba jioni atasahau, atampakulia ugali, halafu atakaa anauangalia. Kabula alilia mpaka Magu, alituambia baadaye. Hakuwahi kuangalia Kihindi Kumi na Nne, kwa hiyo hakujua. Mimi nilijua, na niliona fahari kwamba mama yangu na yule mama wa filamu ni wamoja. Sasa Ijumaa nisimame, Mama akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele na gauni lake la kanisani, niseme kwamba yale maneno hayakusemwa na mama yeyote? Kwamba ni mwanaume mmoja aliyekuwa anajaza kimya ili flashi isirudishwe?

Jana jioni tulikuwa tunachambua dagaa, tunatoa mchanga. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka kama anakumbuka alichomwambia Kabula.

"Nakumbuka. Ya kwenye muvi."

Nikamwambia polepole kwamba kwenye filamu yenyewe yule mama hasemi vile. Hasemi chochote. Ametungiwa.

Mama hakuacha kuchambua. Alinitazama kama anavyomtazama mteja anayeuliza kama dagaa wametoka ziwani.

"Kwani wewe Minza, na kusoma kwako kote, ulidhani Wahindi wale wanapakuliana ugali?"

Mara tisa. Kurasa tatu. Neno ugali nimeliandika mwenyewe kwa mkono wangu, na Mwalimu akaliwekea alama ya vema.

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko kwa sababu vidole vina dagaa. Mimi nilicheka kwa kuchelewa. Kisha akasema, akiwa amerudi kwenye kazi, kwamba siku ile stendi maneno yake mwenyewe yangekuwa mawili tu, panda basi, na Kabula angeondoka na hayo. Kwa hiyo aliazima. Jioni alipofika nyumbani alipakua sahani ya Kabula kweli, bila kukusudia. "Huyo mtu alijuaje?" aliniuliza. Hakuwa anatania tena.

Hilo ndilo lililokesha kichwani mwangu, na likawamo hata nikiwa darasani leo.

Basi nimeamua. Kesho nitamwambia Mwalimu Regina kwamba nasoma ya filamu, iliyoandikwa upya. Nitasema kwamba niliisifia filamu kwa kitu isichokuwa nacho. Nitasema kwamba kimya chake ni kikubwa kuliko sentensi ya kwetu, na bado sentensi ya kwetu ndiyo iliyopanda basi na dada yangu. Sijui kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika tahakiki moja. Wakicheka pale kwenye ugali, nitawasubiri wamalize. Nimeshaandika hadi ukurasa wa nne, ila aya ya mwisho nimeiacha wazi, kwa sababu mtunzi halisi wa maneno yale sijamuuliza kitu, na tumefundishwa kwamba mhakiki hamsemei mtunzi.

Anko Masalu amekubali kumpelekea ujumbe wangu kesho asubuhi, anapokwenda kuchukua filamu mpya. Nimeuandika kwenye karatasi ya daftari, nimeukunja mara mbili. Unaanza na shikamoo, maana sijui umri wake. Nimemshukuru. Nimemwomba anijibu kwa huyohuyo Anko Masalu, kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi, hata kwa mstari mmoja. Kisha nimemuuliza swali moja tu, nami nalinakili hapa nisije nikaona haya na kulibadilisha:

Dijei Furu, ulipouona uso wa yule mama, ulikumbuka maneno ya mtu aliyewahi kukuambia hivyo, au ulikumbuka mtu ambaye hakukuambia kitu?